Nyuki Kwenye Kinu cha Wanza

Nyuki walikuwa wanakufa na hakuna aliyejua kwa nini. Katika sanduku la kwanza walikufa sitini na wawili Jumatatu, mia moja na wanane Jumanne, mia mbili na kumi Jumatano. Alhamisi asubuhi Muoki Kiilu alipoondoa kitambaa cheusi juu ya kioo, ilikuwa rahisi zaidi kuwahesabu waliobaki. Walikuwa wanne. Kufikia saa sita mchana hata hao hawakuwepo.

Lilibaki sanduku la pili, nalo lilikuwa limeanza safari hiyo hiyo.

Hawa si nyuki wa kumkimbiza mtu. Ni wale wadogo weusi, kama siafu aliyeota mabawa, wasiouma. Walitolewa kwenye ukuta wa nyumba ya udongo huko Vihiga, wakaletwa Nairobi kwenye maabara ya shirika dogo la utafiti, ambayo ilikuwa nyumba ya kukodi mtaani Fedha yenye jiko lililogeuzwa chumba cha nyuki. Kazi ya Muoki ilikuwa kuwapa maji ya sukari na unga wa maua, kuangalia joto lisishuke chini ya nyuzi ishirini na nane, na kila asubuhi kuwatoa waliokufa kwa koleo dogo, kuwapanga kwenye karatasi nyeupe na kuandika idadi kwenye daftari. Mshahara haukuwa mkubwa lakini ulikuja. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na wa sasa ulikuwa unaisha mwezi huo wa saba.

"Mzee, fikiria vizuri," Daktari Marion Mideva alimwambia Ijumaa mchana. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na alitembea kama mtu aliyechelewa, hata ndani ya chumba. "Kuna kitu umebadilisha?"

"Hakuna."

"Sukari?"

"Ni ile ile ya duka la Kinyanjui."

"Maji?"

"Nachemsha, napoesha. Mimi mwenyewe nyumbani sinywi maji ya kuchemsha."

"Joto?"

"Ishirini na nane. Mwezi huu hakuna mtu Nairobi analala na joto kama hao."

Marion alikaa kwenye stuli. "Basi ni ugonjwa. Ugonjwa mpya. Nimeanza kuuandika, nimefika kurasa kumi na moja. Nimewatilia dawa kwenye sukari. Leo nakwenda Vihiga nikaone kama umefika huko, nitarudi Jumapili. Na Jumatatu saa nne wageni wanakuja."

"Wageni gani?"

"Wanaolipa. Mimi, wewe, hata hiyo sukari. Wakikuta masanduku mawili matupu, mzee, sote tutafute kazi."

Muoki aliitikia kwa kichwa. Tayari alikuwa amemshtaki Opicho, bawabu wa lango, kwamba anapuliza dawa ya mbu kwenye kibanda chake na upepo unaileta ndani. Opicho alinyang'anywa mkebe wa dawa na usiku huo akalala na mbu. Nyuki waliendelea kufa.

Lakini kulikuwa na kitu kilichobadilika, nacho kilikuwa mbele ya macho yao. Yalikuwa ni masanduku yenyewe.

Kabla ya nyuki, Muoki alichonga twiga na simba wa kuuzia watalii kwa miaka ishirini na miwili. Masanduku ya zamani yalipopasuka, Marion alimpa kazi ya kutengeneza mawili mapya, shilingi elfu tatu na mia tano kila moja, na karatasi yenye vipimo. Chini ya karatasi aliandika: mbao kavu, zisipakwe kitu chochote. Muoki aliacha shule darasa la sita lakini kusoma anajua. Alisoma mstari huo mara mbili, akaamua umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuuza kitu. Alipaka vanishi, mikono mitatu, kila mmoja juu ya mwingine uliokauka, nje na ndani. Akayaanika wiki nzima juu ya paa la gorofa kati ya nguo za wapangaji. Yalitoka yakimeta kama viatu vya mwanajeshi. Marion alipouliza mbona yanang'aa hivyo, Muoki alijibu kwamba ni msasa tu.

*

Jioni hiyo Wanza, mke wake, alikuwa anatwanga. Walikaa Kayole, gorofa ya tatu, vyumba viwili, na Wanza alitengeneza muthokoi wa kuuza, mahindi yanayotwangwa mpaka ganda la nje litoke. Wakamba wa mtaa mzima walinunua kwake kwa sababu wa mashine hauna ladha. Chini ya kinu aliweka gunia lililokunjwa mara nne ili kupunguza kelele. Halikusaidia. Mama Celine wa gorofa ya pili aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio, na kwa miaka sita kazi ilikwenda hivyo, Wanza akitwanga juu, Mama Celine akigonga chini.

"Usikae karibu na mahindi ya watu," Wanza alisema. "Unanuka."

"Nanuka nini?"

"Vanishi."

"Sijashika vanishi wiki tatu sasa."

"Shati linanuka. Nywele zinanuka. Leo ulikuwa wapi?"

"Kazini, Mama Ndinda. Nimeinama juu ya sanduku nahesabu maiti."

Wanza alisimamisha mchi hewani. "Sanduku lile ulilotengeneza?"

"Ndiyo."

"Ulilipaka?"

"Kazi yangu haitoki nje uchi."

"Mpaka ndani?"

Muoki alianza kuvua viatu, kazi ambayo kwa kawaida haikumchukua muda mrefu hivyo.

"Baba Ndinda," Wanza alisema, "unakumbuka kitanda?"

Alikikumbuka. Alikichonga mwenyewe kwa ajili ya harusi yao, simba wawili upande wa kichwa, akakipaka vanishi Alhamisi ili Jumamosi bibi arusi akikute kinang'aa. Kulikuwa na baridi, wakafunga dirisha. Kulipokucha bwana arusi hakuweza kuinua kichwa, na bibi arusi alikuwa anatapika kwenye karai. Mama mkwe alipopata habari alihesabu miezi kwa vidole, akanuna wiki nzima. Maharusi walilala kwa jirani siku nne.

"Sisi tulikuwa na mlango, tukatoka," Wanza alisema. "Hao umewawekea kioo juu na moto chini."

Muoki alikaa na kiatu kimoja mkononi. Pua yake iliacha kusikia vanishi zamani, kama vile sikio la mpiga ngoma linavyoacha kusikia ngoma.

"Mwambie huyo daktari," Wanza alisema.

"Ataniachisha kazi."

"Wakifa pia utaachishwa."

"Wakifa kwa ugonjwa si makosa yangu. Atanipa hata barua nzuri."

"Barua itamlipia Ndinda karo?" Ndinda, binti yao wa pekee, alikuwa shule ya bweni Makueni, na bweni halikuwa la bure.

"Nitawahamisha," Muoki alisema. "Kesho. Wakipona, hakuna haja ya mtu kujua chochote."

Wanza aliendelea kutwanga. Chini, ufagio ukajibu.

*

Jumamosi asubuhi alihesabu waliokufa, arobaini, akafunga sanduku kwa sweta yake na kulibeba hadi langoni. Opicho alikuwa amekaa kwenye kibanda, uso umejaa alama za mbu.

"Niaje, mzee. Umebeba nini?"

"Sufuria."

"Sufuria ya mraba?"

"Ni za kisasa."

Opicho aliinamisha sikio. "Inavuma."

"Kuna supu ndani."

"Mzee, juzi ulisema mimi ndiye naua nyuki. Nimelala na mbu siku mbili. Leo unatoka na supu inayovuma." Alivuta daftari la lango. "Nitaandika sufuria moja. Lakini kwanza sema pole."

"Pole."

"Sema, pole Opicho, si dawa yako."

Muoki alikuwa na miaka arobaini na saba. Alitazama barabara, hakuna aliyekuwa anakuja. "Pole Opicho, si dawa yako."

"Sasa pita. Isimwagike."

*

Nyumbani swali lilikuwa moja, wahamie wapi. Mbao za mafundi wa Spine Road zilikuwa zimeloweshwa dawa ya mchwa. Plaiwudi ina gundi. Muoki alizunguka vyumba vyake viwili akitafuta kipande cha mti mkavu usiopakwa kitu, na kwa mara ya kwanza akaona alichoifanyia nyumba hiyo. Kitanda, vanishi. Meza, vanishi. Stuli nne, kabati, msalaba wa ukutani, mpini wa mwiko, vyote vanishi. Hata fremu ya cheti cha ubatizo cha Ndinda ilikuwa inameta.

Akasimama jikoni.

"Usiangalie kinu changu," Wanza alisema.

"Siangalii."

"Unakiangalia."

Kilikuwa cha mti wa mukau, mti ule ule ambao wazee wa Ukambani huchongea mizinga. Mama yake Wanza alimpa mwaka wa harusi, miaka kumi na tisa iliyopita. Siku kilipoingia ndani ya nyumba, Wanza alimwambia mumewe kwamba siku atakayokipaka chochote ndiyo siku atakayolala kwenye ngazi. Kwa hiyo kilibaki kama kilivyotoka, kikavu, kigumu, hakina harufu ila ya mahindi.

"Nina madebe mawili ya watu," Wanza alisema. "Ya harusi. Nimeshalipwa nusu."

"Ni siku mbili tu."

"Na nyuki wakishakaa, watatoka?"

"Jumatatu nitawatengenezea sanduku lingine. Jioni kinu kiko hapa."

Wanza aliifungua sweta na kuchungulia kupitia kioo. Nyuki walikuwa wanatambaa kama watu waliotoka kilabuni. Mmoja alipanda ukuta, akaanguka, akapanda tena.

"Kisafishe kwanza kwa maji moto," alisema. "Sabuni usiguse."

Waliwahamisha pamoja juu ya meza ya jikoni, Wanza na kijiko cha chai, Muoki na koleo. Vijumba vya watoto vilikuwa vimeshikana kama kishada, kila kimoja kama punje ya mtama.

"Usivigeuze juu chini," Muoki alisema. "Mtoto amelala juu ya chakula chake. Ukimgeuza, anazama."

"Nimelea mtoto kabla yako."

"Tulilea pamoja."

"Wewe ulikuwa unapaka kitanda chake vanishi."

Malkia walimwona mwishoni, tumbo refu, akijikokota kama mjamzito anayepanda gorofa ya tatu. Wanza alimsubiri apande kwenye kijiko mwenyewe. Vijungu vya asali vilivyopasuka ilibidi vitolewe, la sivyo nyuki wangezama ndani yake. Vilitoa vijiko sita, wakavitia kwenye kikombe. Juu ya kinu wakaweka kifuniko cha kioo cha sufuria na kuziba kijitundu chake kwa kitambaa. Pembeni wakapanga chupa nne za soda zenye maji moto, wakazungushia leso mbili na blanketi la kitanda chao. Muoki alichomeka kipimajoto. Ishirini na saba. Wakaongeza chupa moja.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Celine, ufagio mkononi.

"Mama Ndinda, mko salama? Tangu asubuhi sijasikia kinu. Nimengoja kugonga mpaka ugali umeungua." Akakohoa, kikohozi kirefu cha mwezi wa saba, kisha akaona blanketi. "Nani mgonjwa?"

"Nyuki," Muoki alisema, kwa sababu alikuwa amechoka kusema uongo tangu langoni.

Mama Celine alisogea, akachungulia. Kwao Butere aliwajua tangu utoto, na alijua pia asali yao watu hununua kwa bei gani kwa ajili ya kifua. Macho yakaangukia kikombe. Akakohoa tena, safari hii kwa bidii kidogo.

"Ni mali ya maabara," Muoki alisema.

"Sijaomba."

Wanza alimpa kikombe. Mama Celine alimaliza vijiko vyote sita akiwa amesimama, akalamba kijiko pande zote mbili.

"Mama Celine, tafadhali usimwambie mtu."

"Nimwambie nani kwamba nimepandishwa gorofa ya tatu nikalishwa asali ya kinu? Kesho msitwange kabla ya saa mbili." Akashuka.

*

Jumapili Wanza alikwenda kanisani peke yake. Mchungaji alipouliza habari za Muoki, alisema amebaki nyumbani na wagonjwa. Wangapi? Kama elfu moja, Wanza alisema, na kwa kuwa yeye si mtu wa mzaha kanisani, mchungaji aliombea idadi hiyo bila kuuliza zaidi.

Muoki alikaa jikoni na kinu katikati ya magoti, akibadilisha maji ya chupa kila saa. Baridi ilikuwa kali na sweta yake alikuwa amekivisha kinu. Waliokufa tangu jana walikuwa kumi na mmoja. Alihesabu mara tatu. Wengine walikuwa wameanza kuziba ufa mdogo wa kinu kwa nta, kama wapangaji walioamua kukaa.

Saa tisa Marion alipiga simu.

"Mzee, leo wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja tu?"

"Tu."

"Dawa imefanya kazi," Marion alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri ghafla. "Asante, mzee. Asante sana. Mkataba wako nitauandika mwenyewe."

Muoki aliweka simu mezani. Wanza, aliyekuwa mlangoni bado na nguo za kanisani, alivua viatu, akaenda kuchemsha maji ya chupa.

*

Jumatatu saa mbili alishuka kutoka kwenye bodaboda mbele ya lango akiwa amekumbatia kinu. Njia nzima mwendeshaji alikuwa ameuliza kama amefukuzwa na mke, na kama ndivyo, mbona amechagua kinu badala ya televisheni.

"Hiyo nayo ni sufuria?" Opicho aliuliza.

"Ni kinu."

"Leo umesema ukweli. Pita."

Marion alikuwa ndani tayari, na viatu vipya kwa ajili ya wageni. Alitazama kinu, leso, kifuniko cha sufuria, na nyuki watatu waliokufa ambao Muoki alikuwa amewakunja kwenye kipande cha gazeti.

"Mzee. Hii ni nini?"

Muoki alikuwa ametayarisha maneno njiani. "Wageni wanapenda vitu vya asili."

Marion aliinama juu ya kioo kwa dakika nzima. Nyuki walikuwa wanatembea sawasawa, kila mmoja na kazi yake. Alipoinuka alikuwa anacheka.

"Kwa bibi yangu walikaa kwenye mtungi uliovunjika. Sawa, wageni watapiga picha. Na nina habari njema. Nyuki wa Vihiga hawajaugua bado, lakini nimezungumza na kina mama wanaowafuga. Kila mmoja atanunua chupa ya dawa, wajikinge mapema. Nimewapunguzia, mia nane tu."

Mia nane ni kilo nane za muthokoi. Muoki alijua kilo nane zinatwangwa kwa siku ngapi, na mikono ya anayezitwanga inafananaje jioni. Alitua kinu sakafuni.

"Usiwauzie dawa, Daktari. Hakuna ugonjwa."

"Unasemaje?"

"Ni vanishi. Nilipaka masanduku. Mikono mitatu, mpaka ndani."

Marion hakupaza sauti, na Muoki angependa apaze. "Nilikuuliza mbona yanang'aa."

"Uliniuliza."

"Ukasema msasa."

"Nilisema msasa."

"Na ile harufu?" Alijishika paji la uso. "Mimi nilidhani ni harufu ya mti. Nimezaliwa Donholm hapa Nairobi, mzee. Vitu vyote vya mbao nyumbani kwetu vilinuka hivyo."

Alifungua kompyuta. Kurasa kumi na moja zilikuwa hapo, na ugonjwa ulikuwa tayari una jina. Alizitazama kidogo, akazifuta zote mbele ya Muoki, kisha akapiga simu Vihiga, akawaambia kina mama, kwa Kiluhya na kwa aibu, waweke pesa zao.

"Masanduku utayalipa," alisema baada ya kukata simu. "Yote mawili. Mkataba nitakupa mwezi mmoja, halafu tutaona. Na kinu hakitoki hapa. Wamehama mara mbili kwa wiki tatu. Ukiwahamisha tena, hao pia tutawazika."

"Ni cha mke wangu."

"Basi umwambie mke wako nimemshukuru. Tia maji ya sukari. Wageni wako njiani."

Wageni walikuja saa tano. Walipiga picha kumi na nne, zote za kinu.

*

Gharama yote ilikuwa hivi. Nyuki elfu moja na watano. Masanduku mawili, shilingi elfu saba, zilizokatwa kwenye mshahara kwa miezi miwili. Kopo moja la vanishi, mia tisa, na nusu iliyobaki ndani yake, ambayo Wanza alimpa mwenye duka la majeneza bure. Bodaboda, mia nne. Kurasa kumi na moja za Daktari Marion. Madebe mawili ya muthokoi wa harusi yaliyotwangwa kwa mashine, ambayo wenye harusi waliyaonja mara moja tu wakadai warudishiwe nusu ya pesa yao. Asali vijiko sita, na Mama Celine bado anakohoa. Na kinu kimoja cha mukau, cha miaka kumi na tisa, ambacho bado kiko Fedha chini ya kitambaa cheusi. Kingine kama hicho Machakos ni elfu nne na mia tano, na akiba ya Wanza imefikia elfu moja na mia mbili.